Penye Nia, Nani Hutafuta Njia?

Ndege itokayo Nairobi au Dar es Salaam ikikaribia Jeddah, rubani hutangaza kwamba mikati, mpaka wa kutilia nia, imekaribia. Wanaume waliokwisha kujifunga shuka mbili nyeupe huzikaza vizuri, wanawake hunyamaza kidogo, na kila mmoja hutia nia ya Umra au Hija kabla magurudumu hayajagusa ardhi. Nia ni ya moyoni. Foleni, mabasi, kutufu Kaaba na kusai baina ya Safa na Marwa bado viko mbele. Muda si mrefu ndege hutua, abiria huingia chini ya paa la mahema 210 la jengo la mahujaji lililofunguliwa 1981, na simu zote huwashwa kwa mpigo mmoja.

Hapo inaanza kazi nia nyingine, isiyohusiana na ibada. Wahandisi wa mitandao nao wana neno hilo hilo: kwa Kiarabu ni niyya, na Kiswahili kililichukua zamani kikalifupisha. Wanaposema usimamizi wa mtandao kwa nia, wanakusudia kwamba binadamu aueleze mtandao matokeo anayoyataka, mtandao wenyewe utafute njia ya kuyafikia, kisha uendelee kujichunguza kama bado unayafikia. Wahenga walisema penye nia pana njia, ila hawakutaja ni nani atakayekwenda kuitafuta.

Mwenye shughuli wa pwani hamfundishi mpishi kukoka moto. Humwambia: watu mia tatu, pilau, iwe tayari watu wakitoka msikitini Ijumaa. Mpishi ndiye ajuaye masufuria mangapi, kuni kiasi gani, na nani aanze kumenya vitunguu alfajiri. Mwenye shughuli akisimama jikoni kumwelekeza kijiko kwa kijiko, chakula kitaungua na mpishi atafunga virago. Hata hivyo mwenye shughuli mwenye akili hufunua kifuniko mara moja mbili, akaonja chumvi.

Kwa miongo kadhaa mitandao ya kompyuta ilipikwa kijiko kwa kijiko. Mhandisi aliketi mbele ya skrini nyeusi akaandika amri kwenye ruta ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu, na kila kampuni ilikuwa na lahaja yake ya amri. Mwaka 1988 ulileta itifaki ya SNMP, njia ya pamoja ya kuviuliza vifaa hali zao, lakini maagizo mengi yaliendelea kutolewa kwa mkono. Mwaka 2008 Nick McKeown wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha pendekezo lililoitwa OpenFlow: akili ya mtandao itolewe ndani ya kila kisanduku, ikae mahali pamoja, na visanduku vibaki kuwa mikono tu. Akili ikishakaa pamoja, inawezekana kuzungumza nayo. Kufikia 2017 neno nia lilikuwa limeingia kwenye matangazo ya biashara, Cisco ikiwa mbele, na kama kawaida ya matangazo, kila muuzaji akawa na maana yake.

Ubishi wa maneno ulipungua Oktoba 2022, lilipotoka chapisho namba 9315 la IRTF, jumuiya ya watafiti wa intaneti. Kwa muhtasari, linasema nia ni malengo ambayo mtandao unapaswa kuyatimiza na matokeo unayopaswa kuyaleta, yaelezwe bila kutaja namna ya kuyafikia. Kazi yote limeigawa mafungu mawili: kuitimiza nia, na kuhakiki kwamba imetimia na inaendelea kutimia. Fungu la pili ndilo gumu, nalo halipendezi sana kwenye mabango ya maonyesho.

Anayetaka kuona kwa nini mambo haya yametoka vitabuni na aende Riyadh, mji wa watu wapatao milioni 7 kwa sensa ya 2022.

Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Umeme la Saudia lilianza kung'oa mita za zamani nchi nzima na kufunga mita janja. Dunia ikajifungia ndani kwa UVIKO-19, mafundi wakaendelea, na mwanzoni mwa 2021 mita milioni 10 zilikuwa ukutani. Mita janja ni kompyuta ndogo. Ina anwani, ina programu inayohitaji kusasishwa, ina saa yake, ina ufunguo wa siri, na ina njia ya kuzungumza na makao makuu. Shirika lililozoea nguzo na transfoma likajikuta lina mtandao wa vifaa milioni 10. Tuseme kila mita ingehitaji dakika moja tu ya mhandisi: mtu huyo, bila kulala wala kula, angemaliza mzunguko mmoja baada ya miaka 19.

Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kwenda mbali kupata kipimo cha jambo hili, kwa sababu alilifanya kwa vidole vyake. Mita za malipo ya kabla zinazotumia kanuni ya kimataifa ya STS, zikiwemo za LUKU na za tokeni za Kenya Power, zilikuwa zikiitambua kila tokeni kwa kuhesabu dakika tangu mwanzo wa 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa ndogo: dakika 16,777,216 na basi. Ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024, na mita isiyopewa ufunguo mpya kabla ya siku hiyo ingekataa kila tokeni mpya. Nia ya mashirika ya umeme ilikuwa moja na fupi: kila mita ipate ufunguo mpya kabla ya tarehe hiyo. Njia ikawa wananchi wenyewe. Mteja aliyenunua umeme alitumiwa tarakimu 20, kisha 20 nyingine, ndipo zije 20 za umeme aliolipia, na aziingize kwa mpangilio huo huo. Watu walisimama kwenye korido usiku, tochi ya simu mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikibonyeza, mtoto akisoma namba kwa sauti. Aliyekosea tarakimu ya kumi na saba alirudia. Nchi nzima ilikuwa mtandao, na kila mwenye nyumba alikuwa fundi wake.

Mita zenye mawasiliano ya pande mbili huruhusu utaratibu mwingine. Nia huandikwa mara moja: mita zote ziwe na ufunguo mpya kabla ya tarehe fulani, asikatikiwe mtu umeme kwa ajili ya kazi hii, na hospitali zisiguswe mpaka mitaa ya majaribio ithibitike kuwa salama. Mfumo ndio unaopanga zamu. Hujaribu mita chache, husubiri majibu, huendelea mtaa kwa mtaa usiku laini zikiwa nyepesi, hurudia zilizoshindwa, na mwisho huleta orodha ya mita sugu zinazohitaji fundi mwenye ngazi. Mhandisi hasomi mita milioni 10. Anasoma orodha ya sugu.

Riyadh pia ina treni. Metro ya mji huo ilianza kubeba abiria tarehe 1 Desemba 2024, na ilipokamilika ikawa na njia sita, kilomita 176 na stesheni 85, zote zikiendeshwa bila dereva ndani ya treni. Katika mfumo wa aina hiyo, kihisi cha mlango wa jukwaa kikisema mlango haujafunga, neno hilo lazima lifike, tena lifike sasa hivi. Kijana aliyekaa behewa hilo hilo akitazama marudio ya mpira kwenye simu anaweza kusubiri nusu sekunde bila kujua. Ukitaka kumwandikia nia msimamizi wa mawasiliano ya reli, sentensi ya kwanza ndiyo hiyo: ujumbe wa usalama usisimame nyuma ya kitu chochote. Jinsi ya kuutenga, kwa masafa gani, kwa waya upi, kwa foleni ipi ndani ya swichi, ni kazi ya pilau jikoni.

Nchi yenyewe imejipanga kwa mwelekeo huu. Mamlaka ya mawasiliano ilitoa kanuni zake za intaneti ya vitu mwaka 2019, ikabadilishwa jina 2022 baada ya kuongezewa mambo ya anga za juu. Mwaka huo huo wa 2022 kampuni ya simu ya stc na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma vikaunda kampuni ya vifaa vilivyounganishwa, iot squared, mjini Riyadh. Fedha si tatizo lao kubwa. Tatizo ni lile lile linalomkabili mwenye duka la intaneti Kariakoo: mkono wa binadamu hukosea, na mtandao ukiwa mkubwa, kosa dogo nalo hukua.

Wote wenye WhatsApp wanaikumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, hata kama wamesahau kwamba wanaikumbuka. Kwa takriban saa sita Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote. Hakukuwa na mdukuzi. Wakati wa matengenezo ya kawaida mhandisi alitoa amri ya kupima uwezo wa uti wa mgongo wa mtandao wao, na amri hiyo ikaviangusha viungo vyote. Kilikuwepo chombo cha kukagua amri za namna hiyo, lakini nacho kilikuwa na hitilafu, kikaipitisha. Baada ya hapo mafundi walipata taabu hata kuingia kwenye majengo, maana milango nayo ilitegemea mtandao uliokufa. Kilichokosekana pale ni mlinzi mwenye kuijua nia: kwamba hata itolewe amri gani, vituo hivi visikatike vyote kwa pamoja.

Jeddah nayo ina sababu zake za kuuhitaji mtandao wa namna hii, na nyingine ni za maji. Tarehe 25 Novemba 2009, mahujaji wakielekea Mina, mvua ya saa chache iligeuza barabara za mji kuwa mito na kuua zaidi ya watu 100. Tarehe 24 Novemba 2022 zilinyesha milimita 179, zaidi ya mji huo unavyozoea kupata mwaka mzima. Barabara ya kwenda Makka ikafungwa kwa muda. Mji wa jangwani wenye vivuko vya chini ya barabara unahitaji macho huko chini: vihisi vya kina cha maji, kamera, taa zinazobadilika, pampu zinazojiwasha.

Kihisi cha maji kina tabia ya ajabu. Kwa siku 360 hakina la kusema. Kila saa hutuma neno moja, nipo, na kulala ili betri idumu. Siku ya mvua kinataka kusema kila sekunde chache, na majirani zake wote wanataka hivyo hivyo, na wakati huo huo kila mwananchi ametoa simu anapiga video ya gari linaloelea. Mtandao uliopangwa kwa mkono, kwa hali ya siku ya kawaida, huelemewa wakati ule ule unaohitajika. Mtandao unaoongozwa kwa nia unaweza kuwa umeambiwa mapema: maji yakizidi kiwango hiki, habari za kivuko zipite mbele ya yote, kamera za eneo hilo zishushe ubora wa picha ili nafasi ibaki, na vihisi vya mitaa mikavu vinyamaze.

Hija ni mvua inayojulikana tarehe yake. Mwaka 2024 waliohiji walizidi milioni 1.8. Mina, mji wa mahema ulio karibu mtupu sehemu kubwa ya mwaka, hujaa kwa siku chache, kisha watu huhama kwa pamoja kwenda Arafa, Muzdalifa, na kurudi Jamarati. Minara, kamera, vipimo vya joto, magari ya wagonjwa na vitambulisho vya mahujaji huhama mzigo pamoja nao, wakati mwingine ndani ya saa moja. Hakuna mhandisi awezaye kufuata mwendo huo kwa kuandika amri.

Lakini ni hapo pia panapoonekana uchungu wa kuongoza kwa nia. Wizara moja inataka gari la wagonjwa lipate mawasiliano kwanza. Polisi wanataka kamera za umati zisikatike hata sekunde. Kampuni ya simu imewaahidi wateja wake kuongea na nyumbani kwa video. Kila nia, peke yake, ni njema. Zote tatu kwenye mnara mmoja wenye nafasi ya mbili ni mafahali ndani ya zizi. Mfumo mzuri hugundua ugomvi huo kabla haujatokea na kumrudia binadamu: hizi mbili hazikai pamoja, ipi itangulie? Mfumo mbaya huchagua kimyakimya. Kati ya mambo yote ambayo mnunuzi angepaswa kumuuliza muuzaji, hili lingepaswa kuwa la kwanza, na mara nyingi halimo hata kwenye orodha.

Halafu kuna kile kinachoitwa kupotoka kwa nia. Siku ya kwanza mtandao unafanya kile ulichoambiwa. Wiki ya tatu fundi amebadilisha kifaa kilichoungua, kampuni imesasisha programu ya kamera, jengo jipya limeziba mawimbi, na mtu ameongeza ruhusa ya muda akasahau kuiondoa. Hakuna kilichovunjika. Hakuna kengele iliyolia. Lakini anayelinganisha sentensi iliyoandikwa na hali halisi ataona vimeachana, kama mashua iliyofungwa kwa kamba ndefu. Kazi ya kuhakiki ni kufanya ulinganisho huo kila wakati.

Sayansi ya ukaguzi huo ina mwakilishi karibu na Jeddah. Kaskazini mwa mji, Thuwal, kwenye fukwe za Bahari ya Shamu, kiko Chuo Kikuu cha Mfalme Abdullah cha Sayansi na Teknolojia, KAUST, kilichofunguliwa 2009. Miongoni mwa maprofesa wake ni Marco Canini, ambaye kabla ya kufika hapo alishiriki kutengeneza chombo kilichoitwa NICE, kilichochapishwa 2012, cha kupima programu zinazoongoza mitandao ya OpenFlow. Badala ya kusubiri programu ikosee kazini, NICE iliipitisha kwenye hali mbalimbali zinazoweza kutokea, moja baada ya nyingine, kutafuta ile itakayoiangusha. Katika programu tatu zilizopimwa yalipatikana makosa 11. Programu hizo ziliandikwa na watu wenye nia safi kabisa.

Tukirudi kwa vifaa vyenyewe, inabidi kusema ukweli kuhusu neno janja. Kamera ya ulinzi ya bei nafuu, balbu inayowashwa kwa simu, kiyoyozi chenye intaneti: vingi vya hivi si janja hata kidogo. Vina kumbukumbu finyu, nywila ya kiwandani ambayo hakuna aliyeibadilisha, na programu ambayo kiwanda kiliacha kuisasisha mwaka uliofuata. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilitembea duniani ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 tu. Ilitosha kukusanya mamia ya maelfu ya kamera na ruta, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa vya nyumbani likaielemea Dyn, kampuni iliyohudumia anwani za tovuti, na kuzima tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa.

Saudia haikuhitaji kufundishwa na wengine. Agosti 2012, katika siku za mwisho za Ramadhani, shambulio la Shamoon lilifuta data za kompyuta zipatazo 30,000 za Saudi Aramco. Mwaka 2017 programu nyingine, Triton, ilikutwa ndani ya mfumo wa usalama wa kiwanda cha kemikali za mafuta nchini humo, yaani kwenye mitambo iliyowekwa ili watu wasife. Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao iliundwa mwaka huo huo.

Dawa moja iliyobuniwa kwa vifaa hivi inatumia nia kwa njia ya kupendeza: kifaa chenyewe ndicho kinachotangaza. Kanuni iitwayo MUD, iliyochapishwa Machi 2019 kama chapisho namba 8520, humtaka mtengenezaji aandike waraka mfupi unaosema kifaa hiki kimekusudiwa kuzungumza na nani. Kamera inasema: nazungumza na seva moja ya kuhifadhi picha, na saa ya mtandao, basi. Mtandao ukishasoma waraka huo huifungia kamera milango mingine yote. Siku kamera hiyo itakapotekwa na kuamriwa kuishambulia benki, itagonga mlango uliofungwa, na msimamizi ataletewa taarifa kwamba kuna kamera imeanza kutaka mambo yasiyoihusu. Kasoro ni kwamba waraka huandikwa na mtengenezaji, na watengenezaji wa bei ya chini ndio wanaohitajika zaidi na ndio wavivu zaidi wa kuandika.

Imebaki lugha, na hapa Mswahili ana la kusema kuliko wengi.

Ahadi mpya ya akili unde ni kwamba nia haitahitaji tena fomu wala msimbo. Msimamizi ataandika au kusema kwa lugha ya kawaida, na mashine itafasiri kuwa mipangilio. Tuchukue sentensi nyepesi: kuanzia saa mbili usiku, kamera za ofisi zipewe nafasi zaidi. Kwa Mswahili hiyo ni saa moja na ushei baada ya magharibi. Mashine iliyolelewa kwa Kiingereza itaona mbili, itaona usiku, na kuweka saa nane za usiku wa manane. Kamera zitanyimwa nafasi kwa saa sita, na ripoti ya asubuhi itasema nia imetimizwa kikamilifu. Au iambie: usiku wa Ijumaa. Kwa desturi ya Kiswahili na ya Kiarabu, siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa kalenda ya Ulaya ni unaofuata. Hapo umekosea kwa saa 24.

Ramadhani ni mtihani mgumu zaidi. Mwezi huo Riyadh na Jeddah hubadilisha maisha: saa za kazi hupunguzwa, mchana hutulia, na baada ya tarawehe mji huamka. Masoko, barabara, viyoyozi na intaneti vyote hupanda usiku. Kila msimamizi atataka kuandika: kuanzia mwanzo wa Ramadhani, hamisha matengenezo yote kutoka usiku kwenda mchana. Lakini mwanzo wa Ramadhani ni lini? Mwezi huo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu. Zaidi ya hapo, Saudia ina kalenda rasmi ya Ummul-Qura iliyokwisha kuhesabiwa, ila kuingia kwa mfungo hutangazwa na Mahakama ya Juu baada ya watu kutoka kuutafuta mwezi jioni ya tarehe 29 Shaabani. Mashine haiwezi kuijua tarehe hiyo kwa hakika mpaka jioni yenyewe. Mfumo wenye adabu utasubiri tangazo. Mfumo wenye haraka utakisia, na mwaka ambao kisio na mwezi vitatofautiana, mafundi watazima ruta watu wakiwa wanakula daku.

Ndiyo maana chapisho la 9315 linashikilia jambo ambalo wauzaji hulipita upesi: mtumiaji aeleze nia yake kisha mfumo ushike kazi, lakini isichukuliwe kwamba ameeleweka kwa mara moja. Mashine irudie kwa maneno yake ilichoelewa, iulize penye utata, ioneshe itakachofanya kabla ya kukifanya. Ni mazungumzo. Bibi anayemtuma mjukuu dukani humfanya arudie alichotumwa kabla hajatoka mlangoni, na bibi huyo hajasoma chapisho lolote.

Wataalamu wa TM Forum, jumuiya ya kampuni za mawasiliano, hupanga mitandao kwenye ngazi kutoka 0, ambako kila kitu ni kwa mkono, hadi 5, ambako mtandao hujiongoza kwa lolote. Ngazi ya tano haina mpangaji bado. Yaliyopo kazini leo yako katikati: mashine inapendekeza na kutekeleza mengi, binadamu anaidhinisha yale mazito. Kwa mji wenye treni zisizo na dereva na umati wa Hija, mchanganyiko huo una busara yake.

Upo upande mwingine wa nia ambao haujadiliwi sana kwenye kumbi za maonyesho, nao unawagusa wasemaji wa Kiswahili walioko huko. Maelfu ya Wakenya, na Waganda vilevile, hufanya kazi za ndani na za udereva Saudia. Nyumba nyingi wanazofanyia kazi zina kamera, kufuli za kielektroniki, viyoyozi na ruta moja inayoviunganisha vyote. Mwenye nyumba anapouambia mtandao wake nyumba iwe salama, sentensi hiyo fupi huamua mengi: kamera ya jikoni irekodi saa ngapi, picha zikae siku ngapi, nani azione, na simu ya mfanyakazi iruhusiwe intaneti au izuiwe ifikapo saa nne usiku. Sheria ya Kulinda Data Binafsi ya Saudia, iliyoanza kutumika Septemba 2023, imeweka haki za mtu ambaye data zake zinakusanywa, lakini imeyaacha nje matumizi ya mtu binafsi na familia yasiyovuka mlango wa nyumba. Mfumo wa nia humsikiliza mwenye nywila ya usimamizi. Aliye jikoni hana kisanduku cha kuandikia ya kwake.

Kwa hiyo msichana kutoka Machakos, akimaliza kuosha vyombo, huizima Wi-Fi ya nyumba kwenye simu yake. Huwasha data ya laini yake mwenyewe aliyoiongezea salio, akaketi kitandani na kumpigia mama yake video. Picha hupanda mnara wa mtaa wa pili, huvuka Bahari ya Shamu, na kufika Kenya ikiwa na vumbi vumbi kidogo. Mama anauliza mbona giza. Anamjibu kwamba taa ya chumbani hujizima yenyewe saa tano, na hajui nani aliipanga.